Kiti cha Kushoto

Lubumbashi, mtaa wa Kenya. Kesi: gunia moja la makala.
Kuume kwa hakimu, Bwana Kapend,
msikilizaji wa mshahara, mwaka wa kumi na tisa.
Kushoto mimi, Mujinga, muuza makala
(jina la aliyezaliwa na kitovu shingoni,
si hilo mnalolicheka),
kucha zangu nyeusi juu ya meza ya serikali.

Mshitakiwa akaanza: "Mama yangu alikuwa..."
Kapend akafunika kalamu. Wimbo huo anaujua
hadi kiitikio.

Nikaomba gunia.
Nikausoma mshono wa mdomoni: kamba ya gome,
fundo la kurudi nyuma, la watu wa njia ya Kasenga.
Mlalamikaji huuza ya Likasi, yafungwayo kwa waya.
Karani hakuandika. Hakujua fundo huandikwaje.

Hapa nilitaka kujisifu.
Lakini mwaka jana waliniibia magunia manne,
na kijana huyu alipoingia,
kabla hajataja jina,
nilishamfunga miaka miwili.
Fundo ndilo lililoniaibisha.

Kapend hajawahi kuibiwa makala.
Anapikia umeme.

Basi mtamkalisha nani,
aliyezoea au aliyeumia?
Kijana alitoka, gunia lake begani.
Hakunishukuru. Kwa lipi?