Tundu la Rimu

Nkwabi ametandika gunia la sukari chini ya mwamba,
pale Mabatini mlima unapoanza kukata watu pumzi,
akapanga tyubu tatu kama anayepanga sato wa kuuza.
"Chagua," anasema. "Mimi fundi, si mkweo."

Ya kwanza naijua. Ni valvu ya Foniksi ya baba,
iliyobeba pamba, na mama siku ya harusi.
Ndani ina mrija wa mpira, laini kama utumbo wa kuku;
ukichoka unanunua mwingine kwa bei ya andazi.
Baba aliipaka mate kwa kidole, akainama, akatazama.
Povu likifura, anatukana.
Lisipofura, twende mnadani.

Ya pili nene, shingo ya pikipiki,
ina sindano katikati na springi isiyo na adabu:
ukiigusa tu inakusonya.
Lakini kila bodaboda ana pampu yake,
na toka Igoma hadi Nyegezi
kila mashine ya upepo ina mdomo unaoitosha.

Ya tatu nyembamba, ndefu,
ina kinati kichwani kama kipini cha bibi harusi.
Unakilegeza, unakibonyeza kidogo valvu iamke,
ndipo unajaza, kisha unakikaza;
ukisahau, asubuhi unakuta tairi limelala.
Hii ndiyo iliyokuja na baiskeli yangu ya gia
ndani ya kontena,
pamoja na kengele yenye maandishi nisiyoyajua.

Mimi ni msoma mita za maji.
Kazi yangu iko juu: Bugando, Isamilo, Igogo,
nyumba zilizosimama juu ya mawe kama mbuzi,
ambako bomba limekubali kupanda na maji yamegoma.
Na mbigiri haikuulizi umevaa valvu gani.

"Rimu yako ina tundu dogo," anasema Nkwabi.
"Nikilipanua, nene inaingia.
Kupanua ni dakika moja.
Kurudisha, hata aliyeiunda hawezi."

Hilo neno kurudisha likaniganda.
Nikachukua nyembamba.
Akaniuzia na kofia ya shaba, ndogo kama jino la mtoto,
ya kuivisha nikiazima pampu za watu. Elfu mbili.
Nikaitumbukiza kwenye mfuko wa shati la kazi,
mfuko ambao nao ulikuwa na tundu,
na hilo hatukulijadili.

Alhamisi, juu Igogo, tairi la nyuma likaniishia
mlangoni kwa Bi Ng'washi, anayedaiwa miezi minne.
Nilikuwa nimekuja kumkatia.
Akatoka, akatazama tairi, akanitazama,
akaingia ndani, akarudi na pampu ya mwanawe.
Mdomo mpana. Bodaboda akasimama, akatoa yake.
Mpana vilevile.
Nikapekua mfuko mpaka kidole kikatokea upande wa pili.
Tulisimama watatu na pampu mbili,
upepo wote wa ziwa ukitupita masikioni,
na hakuna hata pumzi moja iliyokubali kuingia.

Nilisukuma hadi Mabatini.
Nkwabi hakusema "nilikuambia,"
kwa kuwa kwa kweli hakuniambia.
Alichomeka drili kwa jirani anayechomelea mageti.
Unga wa rimu ukamwagika juu ya vidole vyake vya miguu
uking'aa kama dagaa wa alfajiri.
Kisha msasa, taratibu, mzunguko baada ya mzunguko:
"Ukali ukibaki hapa, utaikata tyubu shingoni."
Dakika moja ilikuwa uongo. Ilikuwa saa nzima.

Ile nyembamba sikuitupa.
Niliikata ikawa mpira wa kufungia daftari la mita
nyuma, kwenye keria, na valvu yake nikaiacha ikining'inia.
Mwezi uliofuata Bi Ng'washi aliishika, akaigeuzageuza.
"Na hii inafanya kazi gani?"

"Hiyo, mama," nikamwambia, "inashikilia deni lako."
Akacheka. Akalipa mwezi mmoja.