Jino Moja

Mvua ya Todmorden hainyeshi, inakaa tu hewani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Mlango wa gereji nimeuacha nusu wazi.
Morris ya baba, kijivu, ya mwaka hamsini na tisa,
imesimama huku bega la kulia limelegea.

Kulia ndiko kwa dereva.

Zulfi, fundi wa mtaa wa nyuma,
alipima kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi,
kulia, kushoto, kulia tena,
akaandika sakafuni kwa chaki: inchi moja na robo.
"Halijachoka," akasema. "Limezoea."

Mbele humu hamna springi ya kuzunguka.
Kuna ufito wa chuma, mmoja kila upande,
umelala chini ya sakafu, mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza,
na kazi yake yote duniani ni kusokotwa
na kukataa.
Shimo linausokota, unarudi.
Shimo linausokota, unarudi.
Samaki hukunjwa angali mbichi,
lakini chuma, kumbe, hukunjika uzeeni,
unywele kwa unywele, bila kumwambia mtu.

Miaka kumi na tisa baba aliendesha peke yake.
Kiti cha kushoto kilibeba kofia,
gazeti la Alhamisi,
siku moja keki ya harusi ya watu wengine.
Mama hakuwa mnene, ila alikuwa uzito.
Alipoondoka, upande wake ulipanda kidogo
ukabaki hivyo,
kama nyusi ya mtu aliyeuliza swali
na bado anangoja.

"Tunyanyue kulia," alisema Zulfi. "Ndivyo kitabu kinavyotaka."
"Hapana. Shusha kushoto."
"Gari la mzee wa miaka themanini na minane
unalitaka liinamishe pua kama la vijana wa Blackpool?"
"Jino moja tu, Zulfi."

Basi tukalipandisha kwenye stendi,
jeki chini ya mkono wa gurudumu, taratibu,
maana ufito uliosokotwa hauna urafiki na vidole.
Bolti ya nyuma ilikuwa na kutu ya umri wangu.
Tuliimwagia mafuta, tukanywa chai,
tukaimwagia tena,
Zulfi akaitukana kwa Kipunjabi, nami kwa Kiyorkshire,
ndipo ikalia, ikakubali.

Wenzo ukatoka. Nikayaona meno,
membamba kuliko punje za ulezi,
duara zima, yaking'aa kwa grisi ya kabla sijazaliwa.
Nilikuwa nimeweka alama ya rangi nyeupe.
Nikazungusha hadi alama ikapishana na mwenzake
kwa jino moja,
nikasukuma.
Kilichosikika ni mlio mdogo,
kama mlango wa kabati la vikombe.

Tukalishusha. Tukalisukuma nyuma na mbele uani
likae mahali pake.
Zulfi akakalia bampa, akainuka, akapima:
upande wa kushoto bado uko juu, robo inchi.
"Kuna matundu ya kurekebishia, dakika ishirini tu."
Nikasema acha.
Sina hakika kwa nini nilisema acha.

Jumamosi nikamleta baba.
Leseni wameshamchukulia, macho.
Akasimama kwanza kwenye mlango wa kulia, mkono kwenye kitasa,
muda wa kutosha kunifanya nitazame kwingine.
Kisha akazunguka mbele, akipapasa boneti,
akafungua ule mwingine.
Akaketi polepole, goti kwa goti,
kwenye kiti ambacho hakuwahi kukikalia.

"Umelishusha," akasema.
"Jino moja."
"Hm."

Nikawasha. Kwenye dirisha la duka la mkate
nikatuona tukipita,
taa mbili, kimo kimoja.