Zebaki ya Wete

Sanduku la bati, kifuniko kimeng'oka bawaba.
Ndani zebaki imelala kwenye kioo chake
tangu zamu ya mwisho ya Bi Mize Shaame.

Wanasema mwanzo alipimwa farasi:
mrija shingoni, damu ikapanda yenyewe
juu kuliko mtu, ikipwa, ikijaa kwa kila pigo.
Farasi hakuulizwa.
Baadaye sana ukaja mfuko wa mpira,
mkono ukabanwa, ngozi isitobolewe,
zebaki ikapanda badala ya damu.

Akifungua hewa Bi Mize, wodi nzima kimya.
Hata Kombo Faki, mbishi wa Jadida, humeza neno.
Sikio lingoje pigo la kwanza,
kisha lile la mwisho, linalofifia.
"Mia na sitini. Nani kakuudhi?"

Leo nimetumwa kuichukua. Sumu, waraka umesema.
Mashine mpya yavuma, yatoa namba,
haiulizi.

Kabla ya kufunga nimejivika ule mfuko,
nikatia mipira masikioni, nikabonyeza.
Zebaki ikapanda, ikashuka taratibu,
nami nikatega sikio lisilofunzwa.
Nimesikia feni ya dari,
na mtu mlangoni akiuliza kama nimemaliza.