Makapi

Babake, Anacleto, alikata miwa ya Sertãozinho miaka thelathini,
akirudi na masizi puani, mgongo umegoma.
Makapi yalitupwa. Yeye pia, karibu.

Leo Jucilene analinda tangi namba tatu, zamu ya usiku,
nyuzijoto hamsini.
Kamwaga vimeng'enya vya kuvu juu ya makapi yale yale.
Havina meno. Vinatafuna.
Uzi kwa uzi selulosi inafumuka,
na sukari iliyokaidi kinu cha chuma
inajitoa yenyewe, kimyakimya.

Anaonja tone. Hairuhusiwi.
Kumbe hata baada ya kukamuliwa
mua ulibaki na kifundo.

Kesho lori litapita mlangoni kwa mzee.
Atakohoa, kwa mazoea,
atauliza mbona linanukia shamba.