Tundu la Usukani

Miaka kumi na mmoja mguu wangu wa klachi
ulikuwa na kipupwe chake wenyewe.
Datsun ya baba, ya sabini na nne, rangi ya haradali,
ilikuwa na heta ya kuunguza magoti
na tundu, pale mhimili wa usukani unapopenya
kwenda kwenye injini,
lililonipulizia theluji yote ya Ilomantsi kifundoni.
Nililiziba kwa soksi. Kwa gazeti la Jumapili.
Kwa sifongo ya kuogea, ikaganda,
nikaendesha hadi kanisani na barafu ya waridi miguuni.

Sili mpya ilikuja kwa posta kutoka Lahti:
mpira mweusi, kikombe kisicho na kitako,
unanukia viatu vya siku ya kwanza ya shule.
Ile kuukuu ilikuwa imekakamaa,
ukiigusa inamegeka kama mkate wa juzi.
Karatasi ya maelekezo ilikuwa fupi, nikaisoma mara tatu:
kazi ya watu wawili, mmoja ndani, mmoja nje.
Hilkka wa jirani ana goti la bandia.
Nikampigia Raimo.

Alikuja na spana zake mwenyewe.
"Kumi au kumi na mbili?"
"Kumi na mbili."
Hayo ndiyo tuliyosemezana, mimi na kaka yangu,
tangu msitu wa Koitere ulipouzwa.

Akalala chali chini ya dashibodi,
soksi za sufu zikichungulia mlangoni.
Mimi nikalalia bawa la gari, boneti juu,
mkono mzima ndani ya giza lenye grisi.
Nilichora alama ya chokaa kwenye kiungo
ili usukani urudi ulipokuwa.
Akalegeza bolti mbili, akavuta mhimili kwake,
nikapiga msasa ukingo wa tundu
hadi kutu ikaisha na bati likang'aa kama kucha.

Humo tunduni nikaona jicho.
Moja tu. Kijivu. La baba kabisa,
siku anakagua kama nimefua buti zake.

"Zile pesa," jicho likasema,
(mdomo ulikuwa mahali pengine, chini zaidi)
"ziko benki. Zote. Hata mkate
sijanunua nazo."
Mimi nilikuwa nimeuma bisibisi kwa meno.
"Mmh," nikasema.
"Nilidhani wewe ndiwe uliyetaka kuuza," likasema.
Nikatoa bisibisi.
"Nilidhani ni wewe."

Wahenga walionya juu ya ufa na ukuta.
Hawakusema ufanyeje
ikiwa ufa ndio mlango uliosalia.

Tukapaka mpira maji ya sabuni,
tukazungusha uzi kwenye mfereji wake.
Yeye asukume, mimi nivute uzi polepole,
mdomo wa mpira utambae juu ya bati,
robo, nusu, ukagoma,
"Sukuma!" "Nasukuma!" "Upande wa baba!"
(yaani kushoto, alikokuwa akikaa mezani;
akaelewa bila kuuliza)
mpaka ukaingia wote kwa mlio mdogo,
kama ulimi ukitoka kwenye kaakaa.

Raimo alikuwa bado anazungumza.
Nilisikia mngurumo tu,
mtu chini ya blanketi, chumba cha pili.
"Sema tena!"
"Nini?"
"Ulikuwa unasema nini?"
Akatoka nje akijifuta mikono.
"Nilikuwa nauliza kama kuna kahawa."

Si hivyo. Sentensi ya kahawa haiwi ndefu vile.

Tukamwaga ndoo tatu za maji ukutani mwa injini.
Zulia kavu.
Barabarani, gari likaenda sawa kama rula,
ila usukani wenyewe umekaa mshazari,
jino moja pembeni. Chokaa yangu
ilikuwa imefutika kwa jasho la mtu.
"Nikurudishie?" akauliza, spana tayari mkononi.
Ilikuwa saa tisa alasiri na giza limeshaingia.
"Njoo Jumamosi," nikasema.
Akaja. Hatukuugusa.
Umepinda hivyo hivyo mpaka leo.