Vidole Viwili

Walikuja wawili, asubuhi ya manyunyu,
mmoja na faili, mmoja na futi ya utepe
kama ya fundi cherehani aliyeitwa kupima suti ya harusi.
Bi Winifred Ogden aliwafungulia, aproni kiunoni,
akawaambia wafute viatu kwanza.
Mimi nilikuwa langoni na bili yake ya gesi.

Doris alipimwa jikoni.
Kichwa kama debe, kifua kama kabati,
na mkono wowote ukimgusa mgongoni
hujibwaga chali akaomba kukunwa tumbo.
Mara ya kwanza futi ikasema: amezidi.
Mara ya pili, Doris kajilegeza: hajafika.
Mara ya tatu askari akamwinua kwa goti
na mwenzake akasoma, akaandika.
Tofauti ilikuwa upana wa vidole viwili.
Humo uhai na kifo vilikuwa vimebanana
kama wageni kwenye kochi moja.

Miaka kumi na tisa napeleka barua vilima hivi vya Lancashire,
nyumba za mawe meusi, milango pacha, ngazi za kuteleza.
Nimeumwa mara nne.
Mara tatu ni kijibwa cha Bwana Entwistle,
kinachovishwa utepe wa bluu, kinachoenea ndani ya kofia.
Kovu liko pajani, sioni haya kulionyesha.
Hakuna aliyekwenda kwa Entwistle na futi.
Mdogo husamehewa, meno yake huitwa mzaha.

Lakini Februari, Mtaa wa Albert,
nilisikia sauti nisiyoijua ni ya kiumbe gani.
Tamsin, miaka sita, alitumwa kurudisha bakuli kwa jirani.
Mbwa wa nyumba ile alikuwa wa mbegu hii hii ya Doris,
debe lile lile, kabati lile lile,
na yeye pia, walivyosema baadaye, alikuwa mpole kama mto wa kulalia.
Nilimpiga kwa mfuko. Nilimpiga kwa tofali.
Kijibwa cha Entwistle huuma kikakimbia, nami nikatukana.
Yule hakukimbia.
Alishika
kama mlango unavyoshika ukishafungwa.
Nilimbeba mtoto ndani ya mfuko wa posta, juu ya barua za watu.
Yu hai. Anakula kwa upande mmoja.

Baa nzima imegeuka bunge.
"Mtoto wa nyoka ni nyoka," anasema Horace wa buchani.
"Na samaki mmoja akioza," anamjibu Philippa, "tukaushe bahari?
Kosa ni la mkono ulioshika kamba."
"Mkono ule," anasema Horace, "haukuwa na meno."
Kisha wananitazama mimi,
kana kwamba aliyeshika tofali ndiye ajuaye.
Naagiza kinywaji kingine.

Wameniletea fomu, kwa kuwa napita pale kila siku.
*Je, mbwa huyu amewahi kukutisha?*
Nimeandika: Hajawahi.
Ni kweli, naweza kuapa.
Fomu haikuuliza kwa nini tangu Februari
namkabidhi Bi Winifred barua zake juu ya lango,
wala kwa nini Doris akiweka kidevu juu ya kiatu changu
nahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu,
mpaka akiondoe.

Askari walipotoka, mvua ilikuwa imekaza.
Kupitia dirishani nilimwona Bi Winifred amepiga magoti sakafuni,
akimjaribisha Doris kile kikapu cha mdomo,
anakaza mkanda, analegeza,
anaingiza vidole viwili katikati ya ngozi na shavu
kuona kama hakibani.
Doris alitikisa mkia hadi viti vikasogea.

Sikubisha hodi.
Bili ya gesi bado iko mfukoni, imelowa.
Mfuko ni ule ule. Nimeufua mara tatu.