Kipimajoto cha Gunzi

Shule zilipofungwa nilimwambia Ithungu ni likizo.
Ndefu kidogo, nikasema,
nikageukia sufuria, maana uongo
humpenda mtu mwenye kazi mikononi.

Ana miaka sita. Akaanza kuhesabu kwa buni:
punje moja kila asubuhi ndani ya kopo la maziwa.
Kopo lilipojaa akalitikisa mbele ya uso wangu.
"Mama, likizo imefika hapa juu. Inamwagika."

Basi nikamwambia: kuna ugonjwa.
Ugonjwa gani?
Wa kukohoa.
"Hata mbuzi wa kina Baluku anakohoa."
Si huo. Huu ni mdogo mno, hauonekani.
"Sasa wewe umeuonaje?"

Nilipokuwa na umri wake, hapa hapa Bwera,
mjomba Thembo alirudi kutoka Kampala
amekonda kama mpini wa mwavuli.
Mama alituambia amechoka na safari.
Safari ikamchosha miezi saba.
Siku ya kumzika, sisi watoto tulitumwa maji,
dumu juu ya dumu, mpaka mapipa yakafurika
na bado tukaambiwa: rudini, hayatoshi.
Neno silimu nililipata kisimani,
kwa msichana aliyefuta mdomo wa kikombe
baada yangu.

Nikaapa: wangu nitawaambia kila kitu.
Kiapo cha mtoto ni chepesi,
hakijawahi kubeba mtoto.

Maana hata mwaka uliotangulia,
ebola ilipokuwa ng'ambo ya Lhubiriha
na sisi wauza vitenge tunanawa dawa darajani
hadi kucha zinapauka,
mwenye glavu alimwelekezea Ithungu kipimajoto kwenye paji
naye akafumba macho, akijua ni bastola.
Nikamnong'oneza: ni tochi ya kuhesabu ndoto.
Akafumbua jicho moja. "Nina ngapi?"
Thelathini na sita, nikasema.
Akavuka mpaka akitabasamu
nami nikajiona mzazi hodari.

Kisha akaondoka Bibi Kabugho.
Walimzika watu waliovaa nguo nyeupe mpaka machoni,
dakika kumi, bila wimbo,
sisi tukitazama toka upande wa pili wa barabara.
Ithungu nilikuwa nimemwacha kwa jirani.
Bibi yuko hospitali, nikamwambia,
anapumzika.
Mficha maradhi, kifo humuumbua;
na mficha kifo, yeye humuumbua nani?

Jioni moja, nyuma ya jiko,
nikamsikia akiongea na mwanasesere wake wa majani ya mgomba.
Kamfunga kitambaa mdomoni,
kamwelekezea gunzi la mahindi kwenye paji.
"Usiogope. Hii ni tochi ya kuhesabu ndoto.
Zako thelathini na saba. Unaweza kupita."
Kimya. Kisha, kwa sauti ya chini,
sauti yangu mimi, ile ya usiku:
"Bibi alikufa. Mimi najua,
viatu vyake vimerudi na yeye hajarudi.
Ila usimuulize Mama.
Ukimuuliza, anakata vitunguu."

Nilikuwa na kisu mkononi.
Na kitunguu, ndiyo, nusu yake.

Sijui nilisimama pale muda gani.
Najua nilitoka nikakaa chini, vumbini,
nikamsogezea paji langu.
Hakushtuka. Akalipangusa kwanza kwa kiganja,
akalenga gunzi, akakunja uso kama daktari.
"Arobaini, Mama. Ni nyingi hizo.
Tangu lini?"

Nikaanza kumhesabia.
Sikuanza na korona, wala na Bibi;
nilianza na mtu aliyekonda kama mpini wa mwavuli,
na maji tuliyochota siku ile
ambayo hakuna aliyeyanywa.
Akauliza maswali. Mengine nilimjibu sijui,
na dunia haikuanguka.

Maharagwe yaliungua.
Tukayala hivyo hivyo,
yeye akichagua yaliyo meusi zaidi
na kuyapanga pembeni mwa sahani,
moja, moja.